Jinsi ya kuwaandikia wapiga fidla muziki wa amadinda

Mtunzi kijana wa Kampala anayeandika kipande chake cha kwanza kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo (ndugu wakubwa wa fidla, wenye sauti nzito zaidi) asianzie kwenye piano. Aketi kwanza mbele ya amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12, ajifunze walau wimbo mmoja kwa mikono yake.

Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza huanza na mapigo yaliyoachana sawasawa, yaitwayo okunaga. Wa pili huingiza yake, okwawula, katikati kabisa ya mapigo hayo, na kila mmoja hupiga oktava, yaani sauti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja, kwa fimbo mbili. Wa tatu hukaa kwenye mbao mbili za sauti ya juu kabisa, akirudia huko kila sauti iliyoangukia mbao mbili za chini. Humo huzuka nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake.

Ipe fidla ya kwanza okunaga, ya pili okwawula, na viola idonoe kwa kidole sehemu ya mpigaji wa tatu. Selo inyamaze mwanzoni, kisha ishike mojawapo ya nyimbo zile zilizozuka. Utakayoichagua ndiyo itakayoonyesha sikio lako.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiandika fidla ya pili kwa vituo vifupi vya kunyamaza kati ya noti zote. Mpigaji wangu alichelewa kila mara, kwa kuwa karatasi ilimwambia kwamba anamfuata mwenzake, ilhali mpiga amadinda huyahesabu mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo msingi. Niliiandika upya kwa noti zilizonyooka, kituo kimoja tu mwanzoni, naye akaigonga mezani peke yake mpaka ikamkaa mkononi.

Kuhusu sauti zenyewe, amadinda huigawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti; oktava nzima ina 1200), ambazo piano haina. Usizidai katika mwendo wa kasi. Zihifadhi kwa sehemu ya polepole, kidole kinapopata nafasi ya kutafuta.

Rasimu ikishakamilika, wala si kabla, sikiliza Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ya mtunzi wa Uganda Justinian Tamusuza, iliyorekodiwa na Kronos Quartet, kundi la Marekani la vyombo hivi hivi vinne, katika albamu ya mwaka 1992.

Limebaki suala la kumaliza, maana muziki huu huzunguka tu. Mimi huinyamazisha fidla ya kwanza ghafla, nikaiacha ya pili iendelee mizunguko miwili peke yake.