Kamera ya filamu ya kutengeneza nyumbani kwa kadibodi, kopo la soda na sindano

Nyumba ya bibi, Malindi, Unguja, ilikuwa na dirisha la mbao lenye kijitundu kimoja. Mchana dirisha likifungwa ili watu wapumzike, ukuta wa pili ulionesha njia nzima ya nje: wapita njia vichwa chini, baiskeli magurudumu juu, rangi zote zipo. Ibn al-Haytham alilichunguza jambo hili yapata miaka 1000 iliyopita. Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo unaotoka juu hupita tunduni ukaangukia chini, na wa chini ukapanda juu.

Kamera ninayokufundisha hapa ni chumba kile kile, kimepunguzwa mpaka kinaenea kiganjani, na penye ukuta imekaa filamu. Haina lenzi wala betri. Nimeshatengeneza kadhaa, na kila mara kazi kubwa imekuwa moja: kulijenga giza. Tundu unalimaliza kwa nusu saa. Giza litakuchukua siku nzima.

Vitu vya kutafuta

Jalada gumu la kaunta buku, gundi ya mbao, wembe, rula ya chuma, tepu nyeusi ya umeme, kopo tupu la soda la alumini, sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo, msasa laini sana, kadi ya plastiki ya zamani, vijiti viwili vya mwanzi, na rangi nyeusi ya ubao wa shule. Filamu ni ya milimita 35, ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) 100 au 200. Halafu nenda studio inayosafisha filamu uombe kopo tupu la filamu (kile kikasha kidogo ambamo filamu huviringwa), lenye ulimi wa filamu wa sentimita tatu uliobaki nje. Bila ulimi huo halina kazi kwako.

Hatua ya 1: Tundu

Kata kipande cha alumini cha sentimita mbili kwa mbili. Kilaze juu ya kadibodi, weka ncha ya sindano katikati, kandamiza huku ukiizungusha, lakini usitoboe. Geuza, utaona kichunusi upande wa pili. Kisugue kwa msasa. Rudia mpaka ncha ichungulie tu. Ukitoboa kwa pigo moja, kingo zinabaki na manyoya na picha inakuwa ya ukungu.

Tunataka upana wa milimita 0.3. Weka kipande juu ya rula, kipige picha kwa simu, kuza: tundu liwe chini kidogo ya theluthi moja ya milimita. Tundu kubwa linaleta ukungu. Dogo kupita kiasi nalo linaleta ukungu, kwa sababu mwanga hutawanyika unapobanwa. Kwa umbali wa milimita 50 kati ya tundu na filamu, 0.3 ndiyo inayofaa.

Wengi huanza na kamera ya kiberiti. Ni nzuri, lakini kina chake hakizidi sana milimita 15, na kwa jua letu la saa sita unahitaji sehemu ya kumi ya sekunde. Mkono hauwezi kupima muda huo. Kwa milimita 50 na tundu la 0.3 unapata f/167, yaani umbali ni mara 167 ya upana wa tundu, na juani muda unakaribia sekunde nzima. Hapo mkono unatosha.

Hatua ya 2: Kasha

Tengeneza kasha lililo wazi nyuma, lenye vyumba vitatu: kulia na kushoto vya makopo ya filamu, milimita 28 kila kimoja, na cha katikati milimita 38. Kina kiwe milimita 52. Urefu wa kwenda juu usiuchukue kwangu, pima kopo lenyewe likiwa limesimama, uongeze milimita moja.

Nyuma ya chumba cha kati gundisha fremu ya karatasi ngumu yenye dirisha la milimita 24 kwa 36. Iwe milimita 50 kutoka kwenye tundu. Filamu itateleza juu yake, kwa hiyo piga msasa kingo zake mpaka kidole kisihisi chochote, maana chembe moja ya gundi iliyokauka itachora mstari kwenye picha zote. Mbele ya chumba hicho toboa nafasi ya sentimita moja, kisha bandika alumini kwa ndani.

Mfuniko wa nyuma uwe kama wa boksi la viatu, ushuke pande zote angalau sentimita mbili na nusu.

Hatua ya 3: Giza

Paka ndani yote rangi ya ubao. Tepu ya umeme usiitumie ndani, inang'aa. Kila kona izibwe kwa gundi, kisha tepu kwa nje. Usiku zima taa, weka kurunzi ndogo ndani ya kasha, funga, uzungushe kasha mbele ya macho taratibu. Palipo na nukta ya mwanga, ziba. Mimi hukaa gizani dakika tano kwanza ili macho yazoee.

Hatua ya 4: Vijiti na kihesabio

Kopo lenye filamu likae kushoto (kamera ikiwa inatazama mbele), kichwa chake bapa juu. Kopo tupu likae kulia, limepinduliwa, kichwa bapa chini. Ukiyapanga hivyo, upande usiong'aa wa filamu utatazama tundu, na ndio unaonasa picha. Kwa hiyo tundu la kijiti cha kushoto liko juu ya kasha, na la kulia liko chini. Pasua ncha ya kila kijiti ili iume kile kijiti kidogo kilichomo ndani ya kopo. Zungushia kipande cha kitambaa cheusi pale kijiti kinapopita.

Kihesabio ni ukanda wa milimita tano wa kadi ya plastiki, uliobandikwa ili ncha yake iangukie kwenye matundu ya pembeni mwa filamu. Chonga ncha iwe mviringo, isirarue. Italia "tik". Tik nane ni milimita 38: picha moja na nafasi yake.

Hatua ya 5: Kuweka filamu na kupiga

Unganisha ulimi na ulimi kwa selotepu pande zote mbili, panga makopo, funga mfuniko, kaza kwa tepu. Tundu lifunikwe kwa kipande cha tepu kilichokunjwa ncha moja, ndiyo shata yako, yaani mlango wa mwanga. Zungusha kijiti cha kulia tik kumi na sita za mwanzo bila kupiga, kwani sehemu hiyo imeshaona mwanga.

Kamera iweke juu ya ukuta, jiwe, ngalawa iliyopandishwa ufukweni, popote pasipotikisika. Kwa filamu ya ISO 200: jua kali sekunde moja, mawingu mepesi nne, kivuli cha baraza nane. Mimi hutamka Bismillahi polepole, sekunde imepita. Ukiwa na shaka ongeza, maana negativu (filamu ya picha iliyogeuka, penye mwanga pakawa peusi) huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Funika, kisha zungusha tik nane papo hapo, usije ukapiga mara mbili mahali pamoja.

Hatua ya 6: Kurudisha

Kijiti kikigoma, filamu imekwisha, usilazimishe. Zungusha kile cha kushoto mpaka nacho kigome, ndipo ufungue. Studio waambie wasafishe bila kukata, kwani nafasi kati ya picha zako hazitalingana na za mashine yao. Utakata mwenyewe kwa mkasi, ukiziangalia dirishani moja moja.

Filamu yangu ya kwanza ya rangi ilirudi na mchirizi mwekundu chini ya kila picha. Nilihangaika na sehemu ya chini ya kasha kwa siku mbili, nikibandika tepu juu ya tepu, kabla sijaukumbuka ukuta wa bibi. Picha imegeuka, mwanga uliovuja haukugeuka. Mchirizi ukiwa chini ya picha, kaguo lako lianzie juu ya kamera, pale kijiti cha kushoto kinapopita.