Presha inapanda kimya kimya, anza kukagua hapa

Wengi wakisikia presha wanawaza chumvi ya mezani tu, wakishaiondoa wanaona kazi imeisha, kumbe chumvi nyingi inaingia ndani ya vitu ambavyo hata ladha yake huisikii: mkate, soseji, supu za pakiti, sosi ya soya. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani haifiki hata kijiko cha chai kilichojaa. Geuza pakiti usome lebo, ukikuta wameandika sodiamu zidisha kwa 2.5 ndo upate chumvi yenyewe.

Ila inayoniumiza zaidi ni dawa za maumivu, maana hapa watu hawashtuki kabisa. Ibuprofeni na diklofenaki zinafanya figo zing'ang'anie chumvi na maji, presha inapanda, na baadhi ya dawa za presha zinapungua nguvu, sasa mtu mgongo unamuuma anameza kila jioni wiki nzima halafu anashangaa mbona namba hazishuki na dawa anakunywa. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini nazo zinabana mishipa, na vile vidonge vya kutoa povu kwenye maji vingi vina sodiamu ya kutosha. Usijikatishe dawa uliyoandikiwa na daktari, nenda tu kwa mfamasia umtajie kila unachomeza, hata ulichonunua bila cheti.

Pombe ya kila siku, sigara, kukaa kutwa nzima, hizo unazijua, punguza. Kukoroma kwa nguvu mpaka pumzi inakata usiku usikuchukulie poa, mwambie daktari.

Halafu pima nyumbani, na upime vizuri: nusu saa kabla hakuna kahawa wala sigara, nenda chooni kwanza maana kibofu kikijaa namba inapanda, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini usiipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee mashine ikiwa inapima. Pima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, siku kadhaa, andika zote. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi nenda na hilo daftari hospitali. Ukiona 180/120 na kifua kinauma, unahema kwa shida au upande mmoja wa mwili umelegea, usisubiri kupima tena, kimbia emejensi.