Salamu ya simu ya ofisi haisikiki, au inacheza ile ya zamani: pita hatua hizi kabla hujarekodi upya

Mteja anapiga simu ofisini. Inaita mara moja, inapokelewa, kisha kimya. Au anasikia sauti ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi. Au saa nne asubuhi, watu wote wakiwa mezani, anaambiwa "ofisi zetu zimefungwa". Huyo mteja hatakuandikia barua kulalamika. Atakata na kupiga kwa jirani yako. Ndiyo maana kazi hii naichukulia kwa uzito ule ule wa mlango wa duka.

Karibu kila nikiitwa kwa tatizo la aina hii, nakuta watu wamesharekodi salamu mara tatu, nne, kila mara mpya, na tatizo liko pale pale. Mara nyingi sauti yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye njia ambayo simu inapita mpaka kuifikia sauti. Kwa hiyo tunaifuata njia.

Mifano yangu yote ni ya FreePBX, programu ya kuendesha mtambo wa simu za ofisi, ambayo ndani yake inaendeshwa na programu ya Asterisk, kwa sababu ndiyo ninayoifunga kwenye ofisi nyingi. Ukiwa na mtambo mwingine, vitufe vitatofautiana ila mpangilio wa uchunguzi ni huu huu.

Hatua ya 1: Piga kutoka ndani, kisha kutoka nje

Tumia simu ya mezani ya ofisini kuingia kwenye menyu ya sauti (ile ya "bonyeza moja"), halafu piga tena kwa simu yako ya mkononi kupitia namba ya ofisi. Andika ulichosikia kila upande.

Pande zote mbili zikikosa sauti, tatizo liko kwenye faili au mipangilio ya menyu. Ikisikika ndani na nje kimya, usiguse faili kabisa, nenda hatua ya 6. Ikisikika salamu isiyo sahihi, zingatia kama ni ya zamani au ni ile ya usiku, maana hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Hatua ya 2: Iangalie simu ikiingia

Ingia kwenye seva na uandike:

`asterisk -rvvvvv`

Piga simu huku ukitazama skrini. Utaona mistari mingi ikishuka. Unautafuta mmoja tu, unaofanana na huu:

`Playing 'custom/karibu.slin' (language 'en')`

Mstari huu unakwambia mambo matatu: jina la faili linalochezwa, aina ya sauti, na folda ya lugha inayotumika. Ukiona slin usishtuke, ndivyo Asterisk inavyoiita sauti ya wav ikishaisoma.

Badala yake ukiona:

`File custom/karibu does not exist in any format`

basi Asterisk imetafuta faili na haikuiona. Linganisha jina herufi kwa herufi. Kwenye Linux, Karibu na karibu ni faili mbili tofauti, na nafasi katikati ya jina huleta usumbufu usio na sababu. Halafu angalia folda. Kwenye FreePBX za sasa, rekodi za Kiingereza hukaa hapa:

`/var/lib/asterisk/sounds/en/custom/`

Ofisi zetu nyingi zina salamu ya Kiswahili iliyowekwa ndani ya folda ya en, na inafanya kazi vizuri, kwa kuwa Asterisk haijui wala haijali ni lugha gani inazungumzwa ndani ya faili. Shida huanza pale mtu anapobadili lugha ya laini kuwa sw akidhani anarekebisha jambo. Asterisk inaanza kutafuta ndani ya sw: ikikuta humo faili ya zamani yenye jina hilo hilo, inacheza hiyo, na inarudi kwenye en pale tu isipokuta kitu. Ama rudisha lugha kama ilivyokuwa, au ipakie rekodi chini ya lugha hiyo mpya.

Faili ikiwa ipo na bado inadaiwa haipo, tazama mmiliki wake kwa `ls -l`. Ukiinakili kwa mkono ukiwa root (msimamizi mkuu wa seva), Asterisk inaweza kunyimwa ruhusa ya kuisoma:

`chown asterisk:asterisk /var/lib/asterisk/sounds/en/custom/karibu.wav`

Hatua ya 3: Salamu mpya imepakiwa, inayosikika ni ya zamani

Anza na jambo jepesi. Je, ulibonyeza kitufe chekundu cha Apply Config juu ya ukurasa? Bila hicho, mabadiliko ya menyu yamehifadhiwa tu, hayajaanza kutumika. Kisha fungua menyu yenyewe kwenye ukurasa wa IVR (ndivyo FreePBX inavyoiita menyu ya sauti) na uangalie sehemu ya Announcement. Kama ulipakia rekodi kwa jina jipya, menyu bado inaelekea kwenye ile ya awali mpaka uibadilishe hapo.

Hayo yote yakiwa sawa, andika:

`ls -l /var/lib/asterisk/sounds/en/custom/karibu.*`

Hapa ndipo nilipopoteza nusu siku kwenye ofisi moja. Kulikuwa na karibu.wav ya asubuhi ile, na kando yake karibu.alaw (alaw ni aina nyingine ya sauti, ya laini za simu) iliyowekwa na fundi aliyenitangulia. Asterisk haiangalii faili ipi ni mpya. Jina likiwa moja na aina zikiwa mbili, inachukua ile isiyohitaji kugeuzwa kwa laini inayopiga. Laini ya nje ilikuwa inatumia alaw, kwa hiyo wateja walisikia ya zamani, na simu za ndani zilizotumia kodeki nyingine (namna nyingine ya kufungasha sauti) zilisikia mpya. Dada wa mapokezi aliniambia, "Fundi, mbona mimi naisikia vizuri tu?" Na kweli aliisikia vizuri. Ukikuta hali hiyo, ondoa faili zote za jina hilo isipokuwa ile unayoitaka. Mimi sasa kila rekodi mpya naipa jina jipya lenye tarehe, kama karibu-20250310, na mkanganyiko huu haujarudi.

Hatua ya 4: Faili ipo, lakini ni kimya au inakwaruza

Salamu nyingi siku hizi hurekodiwa kwenye simu ya mkononi na kutumwa kwa WhatsApp. Sauti hiyo inafika ikiwa imeminywa, kwa aina ambayo mtambo wa simu hauchezi. Kubadilisha jina la mwisho liwe .wav hakubadilishi kilichomo ndani. Uliza faili yenyewe:

`file karibu.wav`

Jibu unalolitaka liseme WAVE audio, Microsoft PCM, 16 bit, mono 8000 Hz. Likisema stereo au 44100 Hz, umeshampata mhalifu. Kwenye skrini ya Asterisk utaona pia malalamiko kama `Not in mono` au `Unexpected frequency mismatch`. Igeuze hivi:

`ffmpeg -i sauti.m4a -ar 8000 -ac 1 -c:a pcm_s16le karibu-mpya.wav`

Amri hiyo inapokea pia sauti za ogg na opus za WhatsApp. Lakini ukiweza, omba rekodi ya asili badala ya ile iliyotumwa. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya takriban 300 na 3400 Hz tu, na sauti iliyoshaminywa mara moja ikipitishwa humo hutoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Muziki wa nyuma nao uondoe. Kwenye spika za kompyuta unapendeza, kwenye simu unameza maneno. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kurekodi kwa simu ya mezani yenyewe, kupitia ukurasa wa System Recordings, ambapo mtambo unakupigia kwenye laini yako ya ndani na unasoma salamu. Haihitaji kugeuzwa chochote.

Kama wapigaji wanasikia "...ribu, umepiga ofisi ya..." mwanzo umekatwa kwa sababu laini ya nje inachelewa kidogo kufunguka. Ongeza sekunde moja ya kimya mbele:

`sox karibu-mpya.wav karibu-mpya2.wav pad 1 0`

Hatua ya 5: "Ofisi imefungwa" wakati mko ofisini

Hili nitakaa nalo kidogo, kwa kuwa vitabu vya mtambo haviliandiki na kwetu hutokea mno.

Fungua Time Groups na usome saa zilizoandikwa. Mtambo unahesabu kuanzia usiku wa manane kwa saa 24. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Nimekuta ofisi ambayo aliyejaza alifikiri kwa saa zetu: kazi inaanza saa mbili, inaisha saa kumi na moja, akaandika 02:00 hadi 11:00. Mtambo ukatii. Ukafungua ofisi saa nane za usiku na kuifunga saa tano asubuhi. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00. Andika hivyo.

Kosa la pili linafanana nalo na ndiyo maana watu huyachanganya. Seva nyingi zikifungwa hubaki kwenye UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi ikiwa saa mbili asubuhi, seva inaona 05:00 na inacheza salamu ya usiku.

Sasa tazama jambo hili. Makosa yote mawili hugeuka saa tano asubuhi. Kwa hiyo muulize mtu wa mapokezi swali moja: kabla ya saa tano ilikuwaje, na baada ya hapo ikawaje? Kama asubuhi ilikuwa sawa na saa tano ikajifunga, mtu ameandika saa za Kiswahili. Kama asubuhi ilikuwa imefungwa na saa tano ikajifungua, kisha inaendelea kupokea mpaka saa mbili usiku, seva iko kwenye UTC. Jibu lake linakupeleka moja kwa moja penye kosa.

Kwa kosa la saa za seva:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Nairobi na Kampala ziko saa hizo hizo. Andika `date` uhakikishe inaonyesha EAT (saa za Afrika Mashariki), kisha `fwconsole restart`, lakini baada ya saa za kazi, kwani simu zinazoendelea zitakatika.

Kuhusu sikukuu: zenye tarehe isiyobadilika unaweza kuziingiza mapema. Idd inasubiri mwezi kuandama, kwa hiyo tengeneza swichi ya mkono kwenye Call Flow Control. Mtu wa mapokezi ataiwasha kwa kubonyeza *28 na namba ya swichi, bila kumwita fundi usiku.

Hatua ya 6: Ndani inasikika, nje kimya

Faili yako ni nzima. Sauti inatoka kwenye seva na kupotea kabla ya kumfikia mpigaji. Fungua Asterisk SIP Settings, tazama External Address, kisha ilinganishe na anwani ya intaneti mliyo nayo leo. Umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, ofisi isiyolipia anwani ya kudumu huweza kupewa nyingine, na mtambo unaendelea kutangaza ile ya jana. Hakikisha pia ruta inapitisha milango ya UDP 10000 hadi 20000, inamopita sauti, kuelekea kwenye seva, na uzime SIP ALG (kipengele cha ruta kinachoingilia simu za intaneti) kama ipo.

Hatua ya 7: Bonyeza vitufe kweli

Salamu ikishasikika, usiondoke. Mpigaji akisikia "kwa mauzo, bonyeza moja" na akabonyeza bila matokeo, bado hajahudumiwa. Piga kwa laini za mitandao miwili au mitatu tofauti na ubonyeze kila namba iliyotajwa, pamoja na nyota na alama ya reli kama zimo. Mtandao mmoja ukikataa na mingine ikikubali, tazama DTMF (milio ya vitufe) kwenye mipangilio ya laini ya nje na uulize mtoa huduma anatumia aina gani. Mara nyingi ni RFC 4733, ambayo hutuma milio hiyo kando ya sauti. Mwisho subiri bila kubonyeza kitu, uone muda ukiisha simu inakwenda wapi. Ielekeze kwa mtu wa mapokezi, kwa ajili ya mzee ambaye hatabonyeza chochote na anangoja tu aongee na binadamu.