Ukinunua kitu mtandaoni Ujerumani halafu hukitaki, kirudishe hivi

Kwa mlioko Ujerumani, au nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya maana sheria ya msingi ni moja, acheni kukaa na viatu vinavyobana eti kwa sababu hela ishalipwa. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 za kughairi, na zinahesabiwa toka siku mzigo umekufikia, sio siku uliyolipa. Sababu huulizwi, na wakikuuliza si lazima ujibu.

Wengi wanapokwama ni hapa: mtu anafunga boksi, anapeleka posta, anakaa kimya kusubiri hela. Kurudisha boksi peke yake hakuhesabiki, lazima umwambie muuzaji wazi kwamba umeghairi. Kwa simu kisheria inafaa ila kesho atakuruka, we andika imeili. Mstari mmoja unatosha, "Hiermit widerrufe ich den Vertrag über" (yaani "naghairi mkataba wa kununua"), malizia na jina la bidhaa, namba ya oda, tarehe uliyopokea, jina lako na anwani, basi. Ukiituma siku ya 14 umewahi hata kama wao wataisoma siku ya 16, na ukishaituma una siku zingine 14 za kupeleka mzigo wenyewe. Kuanzia 19 Juni 2026 maduka ya mtandaoni yanatakiwa yawe na kitufe kabisa cha kughairia, ila mi bado ningetunza imeili.

Hela inatakiwa irudi ndani ya siku 14 toka wapate taarifa yako, lakini wanaruhusiwa kuishikilia mpaka mzigo uwafikie au uwaonyeshe risiti ya posta, kwa hiyo hiyo risiti usiitupe. Tena irudi kwa njia ileile uliyolipia. Kuna jamaa yangu duka moja lilimtumia vocha badala ya hela akaipokea akidhani ndo utaratibu wa wazungu, kumbe vocha ni mpaka mwenyewe ukubali, usipokubali wanakurudishia hela yenyewe kwenye kadi yako. Nauli ya kawaida ya kukuletea nayo wanarudisha. Ya kurudishia unalipa wewe, isipokuwa walisema watalipa wao au hawakukwambia mapema kwamba ni juu yako.

Na kama duka halikukueleza kabisa kwamba una haki ya kughairi, zile siku 14 zinaongezewa miezi 12. Vijiduka vya Instagram vingi vinanasa hapo.

Sio kila kitu kinarudi lakini. Nguo ulioshonewa kwa vipimo vyako hapana, tiketi ya tamasha la tarehe fulani hapana, na ya ndege ya kwenda Dar usijisumbue kabisa, hiyo ina sheria zake. Vitu vya usafi vilivyofungwa kwa lakiri ukishafungua basi, ila godoro halimo kwenye hivyo, mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ilisema hata ukilitoa nailoni linarudishika. Kujaribu ruksa, kama unavyojaribu dukani, ila gauni ukienda nalo harusini likarudi na jasho watakukata hela.

Kabla hujalipa angalia anayeuza ni nani, maana kwenye yale masoko makubwa ya mtandaoni wauzaji wamechanganyika na tovuti inatakiwa ionyeshe kama ni mfanyabiashara au mtu binafsi. Mtu binafsi hakuna siku 14. Na "punguzo asilimia 60" usiishobokee, toka 28 Mei 2022 bei ya zamani wanayoikata mstari inatakiwa iwe ile ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita, sio bei ya kubuni.

Kitu kikiwa kibovu hiyo ni habari nyingine, hapo una miaka 2 ya kudai, na mwaka wa kwanza ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba hakikuwa kibovu tangu mwanzo, kwa hiyo akikwambia "siku 14 zimepita" anakuzuga.

Muuzaji akigoma, nenda Verbraucherzentrale, yaani ofisi ya kutetea wateja, ya jimbo lako. Muuzaji akiwa nchi nyingine ya Ulaya, Kituo cha Wateja cha Ulaya, kile cha Ujerumani kipo Kehl, kinakusaidia bure, waandikie na uambatanishe imeili zote. Ule mtandao wa zamani wa Umoja wa Ulaya wa kusuluhisha kesi, unaotajwa kwenye maelekezo mengi, ulifungwa 20 Julai 2025, usipoteze muda kuutafuta.