Gemu inagoma kuunganisha? Anzia hapa

Kabla hujagusa kitu chochote cheki kwanza kama seva zenyewe ziko hewani, PlayStation Network na Xbox wote wana ukurasa wa kuonyesha hali ya huduma, ukikuta wameandika kuna shida basi tulia tu usubiri. Na tafadhali usikimbilie kufuta gemu, utamaliza bando kuipakua upya wakati tatizo halikuwa huko.

Seva zikiwa poa, chomoa ruta kwenye umeme, subiri kama dakika moja hivi ndo urudishe, na konsoli nayo uizime kabisa sio kuilaza.

Bado? Ingia mipangilio ya mtandao kwenye konsoli, fanya jaribio la muunganisho, halafu angalia pale palipoandikwa NAT (namna ruta inavyopitisha mawasiliano kati ya konsoli yako na mtandao wa nje). Hapa wengi wanapapita. Kwenye PlayStation ikisoma Type 3, au Strict kwa Xbox, utaona intaneti ipo na video zinacheza vizuri tu ila ukiingia lobi (sehemu ya kukutana na wachezaji wenzako kabla ya mechi) husikii sauti za wenzako au unatupwa nje, kwa sababu ruta inazuia konsoli za wengine kuifikia yako. Washa UPnP kwenye ruta (inaiwezesha konsoli kufunguliwa njia bila wewe kuipanga), kisha zima ruta na konsoli uziwashe tena.

Konsoli ikilalamikia DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwa mkono.

Kama inaingia ila inakwamakwama, tumia waya wa LAN kutoka kwenye ruta hadi konsoli, hakuna kinachoushinda. Huna waya, hamia waifai ya 5 GHz na ukae karibu na ruta, maana haipenyi kuta vizuri kama ile ya 2.4.