SOMO: Kupunguza moshi wa jiko la kuni la kupashia nyumba joto (soma kabla hujauliza)

Wakuu, kila baridi ikiingia ni swali lile lile: "mbona jiko langu linafuka?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza, hakuna jiko la kuni lisilochafua hewa. Moshi unaowasha macho angalau unauona. Hatari kubwa ni chembechembe za PM2.5, zisizozidi mikromita 2.5. Hizo hufika ndani kabisa ya mapafu, nyingine huingia kwenye damu, ndiyo maana mbali na kikohozi tunazungumzia kiharusi na moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake cha PM2.5 cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5. Ukiwa na njia nyingine ya kupata joto, itumie. Kama huna, twende.

1. Kuni kavu tu. Unyevu usizidi asilimia 20.

2. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki wala takataka.

3. Washa kutokea juu: magogo chini, vijiti juu yake, moto juu kabisa. Moshi ukipanda unakutana na mwali na kuungua.

4. Usiubane moto hewa. Hapa ndipo nilipoharibu. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa najaza magogo usiku, nafunga tundu la hewa, nalala, ili moto ufike asubuhi. Nilijiona mjanja! Kuni zikikosa hewa haziwaki, zinafuka tu. Gesi ambazo zingeungua zinapanda kwenye dohani (bomba la moshi), zinapoa na kuganda kama lami. Usiku mmoja lami ile ikashika moto, dohani ikanguruma kama lori linalopanda mlima, tukatoka nje na mablanketi mabegani. Kwa hiyo: moto mdogo wenye mwali mchangamfu, kisha uache ufe wenyewe. Kioo cha jiko kikiwa cheusi kila asubuhi, unarudia kosa langu. Na moto unaofuka hutoa kaboni monoksidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Weka king'ora chake, tena ukijaribu mara kwa mara.

5. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka.

MASWALI

– Mkuu, nina mbao za zamani zina rangi. Nikizikausha vizuri je?
Hatua ya 2.

– Lakini rangi imebanduka karibu yote.
"Karibu." Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na mbao za dawa huweza kuwa na aseniki. Moto hauziui sumu hizo. Zinabaki kwenye majivu na nyingine zinapaa. Nimeshaandika, usinichoshe.

– Dohani yangu ni ndefu, moshi wote unaenda nje. Nihangaike ya nini?
Nje kuna watu. Tena usiku wa baridi usio na upepo moshi hautawanyiki, unatanda chini na kupenya madirishani, yako yakiwemo.

– Kipimo cha unyevu nachomeka wapi? Gogo langu linasoma 15 lakini linatoa povu likiungua.
Swali la mtu anayetazama moto wake, asante. Umepima nje, na nje hukauka kwanza. Lipasue, pima katikati ya uso mpya. Gogo bichi linaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na joto lako linaishia kuyachemsha. Pasua kuni mapema, zipange penye upepo, funika juu tu, uache ubavu wazi. Nyingine huchukua mwaka, ngumu hata miwili.

– Asiye na kipimo agonganishe vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mdundo mzito.
Kweli kabisa, na vikavu huwa na nyufa kwenye ncha.

– Majivu mnayaweka wapi? Mimi natumia ndoo ya plastiki.
Ya chuma, yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa lililojificha kwenye majivu hukaa na moto siku kadhaa.

– Yakishapoa kabisa?
Hapo sawa, hata ya plastiki.