Jinsi ya kupandisha pasheni kwenye waya isiwe kichaka

Watu wengi wanapanda pasheni halafu wanaiacha ijipange yenyewe, mwisho wa siku ni majani matupu. Waya ndo kila kitu hapa. Chimbia nguzo za mita 2 na nusu, zizame kama nusu mita, nguzo za mwisho ziwe nene na uzivute kwa waya pembeni maana mzigo ukikolea zinalala zote, afu pitisha waya geji 14 juu, urefu unaofikia mkono bila ngazi.

Mche ukianza kukimbia chagua chipukizi 1 au 2 zenye afya, zingine toa. Funga kamba ya katani toka kwenye waya mpaka karibu na shina, fundo liwe legelege, usikabe, na mmea uuzungushe taratibu kwenye kamba kila unapopita shamba. Ukifika kwenye waya, moja ipeleke kulia nyingine kushoto, ukibakisha moja tu ikate ncha itagawanyika.

Sasa hapa ndo penyewe: matawi yanayoning'inia toka kwenye waya ndo yanazaa, kwahiyo yaache yashuke kama pazia, ila vile vikono vyake vinavyoyakamata pamoja vikate, vinazuia hewa na ukungu unaingia fasta. Yakikaribia kugusa chini yakate yabaki kama sentimita 15 juu ya udongo. Na makasi uyapitishe kwenye jiki kila ukihama mche, virusi vya pasheni vinasafiri hivyo hivyo.